Bibi Yangu Hakohoi

Nianze na jambo ambalo nilistahili kuambiwa na sikuambiwa: mkojo wako utakuwa na rangi ya machungwa. Usipige kelele chooni kama nilivyopiga mimi mpaka jirani akaja na jembe akidhani nimeona nyoka. Ni dawa tu. Mengine yote utaambiwa na watu hata usipouliza, na mengi yatakuwa uongo.

Naitwa Oliva. Nimemaliza dozi ya kifua kikuu, miezi sita, bila kuruka siku. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye leo ametoka kliniki na mfuko wa vidonge na hajui nyumbani aanze kumwambia nani. Habari za vijidudu atakueleza nesi wako. Mimi nitakueleza habari za benchi, za sahani, na za jibu moja nililompa nesi kwa kujiamini kabisa, jibu ambalo nusura limuue bibi yangu.

Nilirudi Sumbawanga kutoka chuoni Dar mwezi wa tisa nikiwa na shahada ya historia na begi moja la nguo. Ajira hazikuwepo. Wazazi wangu wako Mpanda, baba ni mwalimu huko, lakini mimi nilichagua kukaa kijijini Mollo kwa mama yake baba, Bibi Kandida, kwa sababu nilikuwa na mpango. Nilitaka kuandika riwaya.

Bibi yake Bibi Kandida alikuwa mke wa Mwene, mtawala wa Ufipa wa zamani hizo. Katika ukoo wetu hakuna mtoto asiyelijua hilo. Tunajua shanga zake zilikuwa za rangi gani. Tunajua watu walipiga magoti umbali gani kabla ya kumfikia. Ila jina lake hakuna anayelijua. Nilipomuuliza Bibi, alinitazama kama nimeuliza jina la mvua.

"Jina la nini? Alikuwa mke wa Mwene."

"Bibi, kabla ya kuolewa alikuwa anaitwa nani?"

"Kabla ya kuolewa hakuwa mtu wa kuulizwa habari zake, mke mwenzangu."

Ananiita mke mwenzangu kwa utani, kama mabibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kike. Basi jibu hilo lilinikera kiasi kwamba nilikwenda mjini kununua madaftari matatu makubwa. Nikaanza kumwandika yule mama bila jina. Kwenye daftari la kwanza aliitwa "yeye" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Mchana Bibi alikuwa anapukuchua mahindi kwenye mkeka kando ya jiko, mimi nikiwa na kalamu. Alisema mke wa Mwene hakula mbele ya watu, maana haikufaa aonekane anatafuna. Hakushika jembe. Hakutembea haraka hata mvua inyeshe. Mate yake yalikuwa na msichana maalumu wa kuyafukia, asije mtu mbaya akayachukua. Na hakuumwa.

"Hakuumwa maisha yake yote?"

"Alipumzika."

"Na akikohoa je?"

"Watu wa ikulu hawakohoi," alisema Bibi. "Wanabisha hodi."

Nilicheka, nikaandika. Lakini habari hiyo sikuihitaji, kwa sababu kwetu iko mpaka leo. Mke wa Mwene akibanwa na kifua, wanawake waliokuwa naye walipiga makofi mawili mepesi, kama mtu anavyopiga makofi mlangoni kwa mkubwa, wakasema "karibu." Mambo yakaisha. Hakuna aliyesikia kikohozi. Bibi Kandida akikohoa, na sisi tunafanya hivyo hivyo. Tumefundishwa tukiwa tunajifunza kutembea. Paa, paa, karibu. Mimi ambaye chuoni nilimbishia mhadhiri kuhusu kila kitu mpaka akaniomba nimwachie dakika kumi za kufundisha, sikuwahi hata siku moja kujiuliza kuhusu hayo makofi.

Kikohozi changu kilianza mvua zilipokolea, karibu na Krismasi. Hicho hakuna aliyekipigia makofi.

"Wewe unakohoa," Bibi alisema. "Dar imekuharibu."

Nilikunywa dawa za maji za kila rangi kutoka duka la dawa. Nilipimwa malaria mara tatu. Nilipewa vidonge vya siku tano, nikapata nafuu ya siku nne. Sketi ikaanza kuzunguka kiunoni yenyewe. Naivaa zipu ikiwa nyuma, nikifika sokoni zipu iko mbele. Nikiamka shuka limelowa. Jioni homa inakuja kwa saa yake kama mfanyakazi wa serikali mwaminifu. Nilijiambia ni baridi ya kwetu, nimelizoea joto la Dar. Msomi mzima. Mwezi wa tatu nilikohoa juu ya daftari, nikaona kwenye sentensi niliyokuwa naandika doa dogo jekundu. Nilifunga daftari nikapanda bodaboda.

Sasa benchi. Benchi la kliniki ya kifua liko nje, upande wa upepo, na hiyo ni kwa faida yako, ingawa upepo wa Sumbawanga hauna adabu. Utakaa. Jina lako litaitwa na mtu atakayelikosea. Utakaa tena. Kila mtu aliyepo amevuta nguo mdomoni na anajifanya amekuja kwa jambo lingine. Karibu yangu alikaa mzee wa Kisukuma, mfugaji, aliyepanda kutoka Kaoze, kule bondeni, na fimbo yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, unakohoa kama trekta inayokataa kuwaka."

"Na wewe je?"

"Mimi ni ile ambayo imeshawaka ikazima." Alitoa karanga mfukoni, akanimiminia mkononi bila kuniuliza. "Kula. Humo ndani wanapima uzito. Usiingie mwepesi, watakuandika vibaya."

Hiyo ni fadhila ya kwanza ninayoikumbuka. Mtu asiyenijua aliweka chakula kwenye kiganja changu, ngozi kwa ngozi. Sikujua kwamba kwa wiki nyingi zitakazofuata hakuna mtu wa ukoo wangu mwenyewe atakayefanya hivyo.

Walinipa kikopo cha plastiki chenye kifuniko ili niteme makohozi ya kutoka kifuani, wakanionyesha pa kusimama, nje, mbali na watu. Majibu yakatoka. Nesi wa kliniki, Nesi Domitila, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa Tanga, alinieleza polepole. Kisha akafungua daftari lake.

"Unaishi na nani?"

"Na bibi yangu. Sisi wawili tu."

"Anakohoa?"

"Hapana," nilisema. "Bibi yangu hakohoi."

Akaandika. Nilimwona anaandika. Sikudanganya. Hilo ndilo linalonitia hasira mpaka leo: sikudanganya.

"Hata hivyo mlete tumpime," alisema.

Nilifikisha ujumbe. Bibi alijibu kwamba yeye haumwi, na kwamba anayekohoa ni mimi. Wiki hiyo nilikuwa natapika kila asubuhi baada ya vidonge, sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikaacha. Wewe usiache.

Hapo akaingia Shangazi Restituta, dada mkubwa wa baba. Anaishi mjini, ni mwenyekiti wa jumuiya yao ya sala, na hajawahi kuona jambo lisilohitaji uongozi wake. Alikuja Mollo siku ya pili ya dawa, akasimama mlangoni.

"Nani anajua?"

"Mimi, Bibi, nesi, wewe, na mzee mmoja wa Kaoze."

"Basi iishie hapo. Nimeshawaambia watu uko Dar kwenye usaili."

"Usaili wa nini?"

"Wa kazi. Kuna usaili wa nini mwingine?"

Kwa hiyo kwa miezi minne mimi nilikuwa Dar kwenye usaili mrefu kuliko wote katika historia ya nchi hii. Watu walinitumia ujumbe wa pongezi. Padre aliniombea. Mwezi wa nne nilikutana na mwalimu wangu wa sekondari uso kwa uso kwenye benchi la kliniki, yeye amekuja na kikohozi chake, akauliza, "Oliva, usaili umeishaje?" Nikamwambia bado niko kwenye hatua ya mahojiano.

Shangazi alipanga na vyombo. Sahani yangu, kikombe changu chenye alama ya rangi ya kucha, kijiko changu, kigoda changu karibu na mlango. Nilimweleza alichosema nesi, kwamba ugonjwa huu hausafiri kwa sahani, na kwamba baada ya wiki chache za dawa mtu wa kawaida haambukizi tena.

"Nesi hakuzaliwa katika ukoo huu," alisema Shangazi.

Kitu kimoja kizuri kilitokana na upuuzi huo. Nikiwa kwenye kigoda changu, na sahani yangu, watu wakinizungumzia mbele yangu kama sipo ("amekula? amelala?"), ghafla nilimpata yule mke wa Mwene. Kabla ya hapo nilikuwa namwandika kwa wivu kidogo: mwanamke asiyelima, asiyechota maji. Sasa nikaandika hivi: *Alikuwa na kibuyu chake, na hakuna aliyekigusa. Alikuwa na ngozi yake ya kukalia, na hakuna aliyeikalia. Watoto walipomkaribia waliitwa warudi. Akiuliza ni kwa nini, waliinamisha vichwa na kusema ni heshima.* Niliandika kurasa kumi na tatu bila kuinua kichwa. Daftari la kwanza lote nililitupa. Nilikuwa nimeeleza shanga tu.

Mwili. Nitasema kwa kifupi kwa sababu kila mwili una ukorofi wake. Nyayo zangu ziliwaka kama nimekanyaga pilipili. Nesi alinipa kidonge kingine cha hilo, ukiwaka mwambie, usijikaze. Ngozi iliwasha. Magoti yalinizeesha. Halafu, wiki ya tano au ya sita, njaa ilirudi siku moja mchana bila taarifa. Nilikula ugali wa ulezi na dagaa wa Kirando, nikaongeza, nikaongeza tena, nikalia juu ya sahani yangu ya peke yangu, na Bibi akasema machozi hayo yataongeza chumvi bure.

Msimamizi wangu wa dawa alikuwa yeye. Nesi alitaka mtu wa nyumbani wa kunitazama nikimeza kila siku, na Bibi aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Kila asubuhi alikaa mbele yangu, magoti yakigusana.

"Fungua mdomo. Inua ulimi. Meza. Usinichezee."

Na katikati ya hayo anakohoa. Anakohoa usoni kwangu, kwa muda mrefu, akiwa ameshikilia goti langu. Nami, vidonge vikiwa mdomoni, napiga makofi mawili na kusema "karibu."

Mwisho wa mwezi wa pili wa dawa makohozi yangu yalipimwa tena, yakaonekana safi. Vidonge vikapungua. Mvua ilikuwa inakatika, mahindi yamekomaa, na mimi nikaanza kutembea mpaka barabarani na kurudi bila kusimama. Nilidhani kazi imekwisha.

Ulezi ulipokuwa tayari kuvunwa, Bibi alitoka na kisu chake kwenda shambani kama kila mwaka. Nilimfuata baada ya muda, nikamkuta amekaa njiani, nusu ya safari, juu ya jiwe.

"Unafanya nini hapa?"

"Naangalia watu."

Hapakuwa na watu. Nilimshika mkono nimwinue, bangili yake ya shaba ikateleza ikapita kiganja na kuanguka chini. Bangili hiyo tangu utoto wangu ilikuwa haitoki hata kwa sabuni. Niliiokota. Ndipo nilipomtazama vizuri. Kitenge alikifunga mara mbili na nusu. Mifupa ya shingo ilikuwa imechongoka. Nilikuwa nimekaa naye magoti yakigusana kila siku, nikiangalia vidonge vyangu.

Shangazi alikuja siku hiyo hiyo.

"Umeridhika?" alisema. "Umeleta uchafu wa Dar umempa mama yangu. Mzee wa watu alikuwa mzima kama chuma."

"Shangazi, mimi..."

"Umemuua mama yangu, Oliva. Na madaftari yako."

Nilimwamini. Usiku na mchana nilihesabu: Krismasi, Januari, Februari, miezi yote niliyokohoa ndani ya nyumba ile kabla ya kwenda kupima. Kama umefika kwenye ukurasa huo wa ugonjwa, wa kuhesabu umemkoholea nani, nakupa pole. Ni mbaya kuliko vidonge.

Jumatatu nilikwenda kliniki kuchukua dawa na nikamwambia Nesi Domitila kwamba bibi yangu amekonda.

"Anakohoa?"

"Hakohoi. Ana..."

"Ana nini?"

"Anabisha hodi."

Nesi aliweka kalamu chini. "Anabisha hodi wapi?"

Jaribu wewe kueleza. Nilieleza habari za Mwene, za wanawake wa ikulu, za makofi. Nilipiga hata makofi yenyewe. Mtu mmoja nje ya mlango akasema "karibu." Nesi wa Tanga alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga macho, akayafungua.

"Kwa hiyo anakohoa."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Nilirudi nyuma mwezi kwa mwezi kama nilivyofundishwa chuoni kusoma nyaraka. Niliporudi mwezi wa tisa nilipiga makofi, mlangoni, kabla sijashusha begi. Kabla ya hapo, mwaka wangu wa mwisho chuoni, Bibi alikuwa ananipigia simu Jumapili baada ya misa, na mimi nilikuwa naweka simu kitandani ili nipate mikono miwili. Mwenzangu wa chumbani alikuwa akiuliza kama naongea na bibi au naangalia mpira. Mara mbili, mara tatu kwa simu moja.

"Kabla sijarudi," nilisema. "Muda mrefu kabla sijarudi."

Nesi Domitila alinitazama kwa huruma ambayo sikuitaka. "Basi hukumpa wewe," alisema. "Inawezekana kabisa yeye ndiye aliyekupa. Mlete leo."

Nilirudi Mollo nimejaa hasira na furaha kwa wakati mmoja, hali ambayo haina raha. Bibi hakutaka kupanda chombo chochote kwenda popote. Nesi alikuwa amenipa kikopo kwa tahadhari. Nilimwachia Bibi, nikamwelekeza: asubuhi, nje, kabla ya kula, kutoka kifuani. Kesho yake aliniletea kikopo kimesuguliwa kikang'aa, ndani yake ameweka ugoro.

"Kina kifuniko kizuri," alisema. "Haupati unyevu."

Nilileta cha pili. Alikirudisha na mate matupu, kidogo, kama tone la kumridhisha mtoto. Maabara wakakikataa. Siku hizo alikuwa haendi tena jikoni. Alikaa juani ameegemea ukuta, na akiinuka alihesabu kwanza. Nikaleta cha tatu, nikapiga magoti mbele yake, si kwa heshima, ni kwa sababu magoti yalikuwa bado yananiuma.

"Bibi, unanitesa."

"Unataka nimpe mtu nisiyemjua kilichotoka kifuani mwangu, kwenye chombo chenye jina langu, akatembee nacho mjini. Sumbawanga hii hii. Wewe umesoma nini huko?"

"Mimi nimetoa changu."

"Wewe ni wa siku hizi."

"Mimi ni mjukuu wako. Kama wewe ni wa ikulu, mimi nimeangukia wapi?"

Alitaka kucheka, kikohozi kikamkamata. Mikono yangu iliinuka yenyewe. Niliirudisha mapajani nikaikalia. Alikohoa, nami nikamsikiliza akikohoa, mwanzo mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kilikuwa kikohozi kibaya sana. Alipomaliza alinitazama kwa mshangao, kama nimemvua nguo.

"Hukuitikia," alisema.

"Sitaitikia tena."

Kuku alipita kati yetu. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Nani atakibeba?"

"Mimi. Mkononi. Sitampa mtu njiani."

"Na wakimaliza kukiangalia?"

Sikujua. Kwa hiyo nilikwenda kuuliza. Mimi, niliyeandika kurasa ishirini za chuo kuhusu imani za watu na uchawi, nilisimama kwenye dirisha la maabara nikamuuliza kijana mwenye koti jeupe wanafanyaje na makohozi ya watu wakishamaliza. Alidhani nakagua usafi. "Tunachoma moto," alisema, "vyote, na kikopo chake." Nilirudi na jibu hilo Mollo.

"Moto kabisa?" Bibi aliuliza.

"Mpaka majivu."

"Hata ikulu hawakufika huko," alisema. "Walikuwa wanafukia tu." Kesho yake asubuhi alisimama nyuma ya nyumba, kwenye upepo, ameshika ukuta, akajaza kikopo.

Majibu yalikuwa yale tuliyoyajua. Alianza dawa mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika kweli, na wiki ya pili akalala hakuamka kula. Siku nane tulikuwa wodini. Sitasimulia siku hizo zote. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, sasa mimi ndiye wa magoti kugusana, "fungua mdomo, inua ulimi, usinichezee." Shangazi alileta uji asubuhi na kusimama mlangoni bila kuingia, hakusema tena nani amemuua nani. Siku ya sita Bibi alikunywa uji wote akauliza madaftari yako wapi.

"Yako nyumbani."

"Kuna mahali umeandika wake wenzake walimroga yule mama."

"Wewe ndiye uliyeniambia."

"Futa." Alipumzika kidogo. "Bibi yangu alibisha hodi tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, mama yangu alikuwa anasema. Alibisha mpaka akawa mwepesi, wakawa wanambeba kwa mkono mmoja. Na watu wanapiga makofi. Ikulu nzima inapiga makofi. Andika kwamba alikohoa."

"Nitaandika. Na jina lake?"

"Jina silijui, usinisumbue. Nimesema andika alikohoa."

Alipopata nguvu ya kukaa na wageni, mwezi wa nane, jumuiya ilikuja kusali kwake Jumamosi asubuhi. Shangazi aliwaleta akina mama wa mjini, wakajumuika na wa Mollo, ua ukajaa. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka usaili, rasmi. Katikati ya somo Bibi alikohoa, kikohozi kidogo cha mabaki, na akina mama wote, waliomfahamu miaka yote, wakapiga makofi mawili.

"Karibu!"

"Acheni," alisema Bibi. "Nakohoa."

Wakadhani hawajasikia vizuri.

"Nakohoa, nimesema. Nina kifua kikuu. Namezeshwa dawa kila siku na huyu mjukuu wangu, na yeye alikuwa nacho, mimi ndiye niliyempa. Hakuwa Dar wala kwenye usaili wowote. Alikuwa hapo, kwenye kigoda hicho." Alinyoosha mkono akaonyesha kigoda. "Mtu mwenye kikohozi humu ndani, kikopo kina mfuniko, na wakimaliza wanachoma moto. Nimeuliza mwenyewe."

Nimeuliza mwenyewe! Wiki kadhaa za kubembeleza, vikopo vitatu, aibu yangu yote kwenye dirisha la maabara, na sasa yeye anaeleza kana kwamba ndiye aliyeianzisha hospitali. Shangazi Restituta alikuwa anatazama kitabu chake cha sala kwa bidii, kimegeuzwa juu chini. Mama mmoja akasema, "Oliva, kumbe!" na mwingine akaja kukaa karibu yangu kwenye mkeka, bega kwa bega, akaendelea na wimbo.

Jumatatu iliyofuata nilimpeleka Bibi kupimwa uzito. Nilipotoka kumtafutia maji nilimkuta Shangazi kwenye benchi, upande wa upepo, amejifunika kitenge mpaka puani.

"Usiniangalie hivyo," alisema. "Nimemsindikiza mtu."

"Nani?"

Alitazama kulia, akatazama kushoto. Benchi lilikuwa tupu. Nesi Domitila akatokea mlangoni na daftari lake, akaita jina, na kwa mara ya kwanza tangu niijue kliniki ile jina liliitwa sawasawa. Shangazi akasimama. Nikasimama naye.

"Unakohoa tangu lini, mama?"

"Tangu Pasaka," alisema Shangazi.

"Pasaka ipi?" nikauliza.

Alinigeukia kwa jicho la mwenyekiti wa jumuiya. Nililipokea. Kisha akamgeukia nesi, sauti imeshuka.

"Ya mwaka jana."